Usimtie sungura mgeni kwenye banda la mwenyeji: nilivyowazoesha Zabibu na Ubuyu

Sikio la kushoto la Ubuyu lina pengo dogo pembeni, kama karatasi iliyochanwa. Aliyemuuma ni Zabibu, lakini kosa lilikuwa langu. Watu kadhaa hapa Dodoma wameniuliza nilifanyaje mpaka hawa wawili wanalala ubavu kwa ubavu, na kila nikianza kueleza najikuta narudi kwenye lile sikio. Kwa hiyo nitaanzia hapo.

Zabibu ni jike mweusi tii. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, akakaa peke yake karibu mwaka na nusu kwenye banda la uani kwetu Ipagala. Mchana mimi nipo kazini, watoto wapo shule, nyumba imefungwa. Taratibu nikaona anabadilika. Akawa anatafuna mbao za banda, anajikunyata kona moja, hata matembele, ambayo zamani aliyakimbilia, anayafuata kwa unyonge. Majirani waliona ni sungura tu, na kila mgeni aliyeingia uani aliuliza tutamla lini. Mimi niliona mnyama mpweke.

Wengi wetu tunapotea hapa kwa sababu ya sungura wa hadithi zetu. Yule wa porini mwenye miguu mirefu, anayeonekana usiku barabara ya kwenda Kongwa, ni mnyama mwingine kabisa. Yeye hulala juu ya ardhi, na kwa kawaida huwa peke yake. Hawa tunaowafuga asili yao ni Hispania na Ureno, na huko porini huishi kwa makundi kwenye mashimo. Wanahitaji mwenzao. Ila kundi lao lina mipaka, na mgeni asiyejulikana harufu yake hufukuzwa au huumizwa.

Hilo la mipaka sikulijua. Nikanunua sungura mwingine sokoni, wa rangi ya maziwa kama unga wa ubuyu, na muuzaji akaniambia ni jike. Jioni hiyohiyo nikafungua banda la Zabibu nikamweka ndani, nikasimama pale nikitabasamu. Hazikupita sekunde kumi. Nilisikia vishindo, manyoya yakaruka, na Ubuyu akalia. Sungura halii ovyo. Akilia kwa sauti kali namna ile, ameumia au ameogopa kifo. Niliingiza mikono mitupu kuwatenganisha, nikaumwa kidole gumba mpaka damu ikatoka.

Dokta wa mifugo aliyemsafisha lile jeraha ndiye aliyenionyesha kwamba Ubuyu ni dume. Wanapokuwa wadogo ni rahisi kukosea. Ukibonyeza taratibu sehemu ya siri, ya dume hujitokeza ikiwa na kitundu cha duara, ya jike huonekana kama mpasuo. Mapumbu hushuka akiwa na wiki kumi mpaka kumi na mbili hivi. Mwonyeshe mtu anayejua kabla hujalipa. Rafiki yangu mmoja wa Kisasa aliambiwa ana majike wawili, akaja kukuta vitoto saba kwenye nyasi. Mimba ya sungura ni takribani siku 31 tu, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa, kama dume bado yupo naye.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kufikiria kuwakutanisha, ni kumhasi dume. Jike na dume aliyehasiwa ndio wanaoelewana kwa urahisi zaidi. Madume wawili wasiohasiwa, hata wa tumbo moja waliolala pamoja tangu utotoni, huanza kupigana wakifika miezi mitatu au minne, na huumana sehemu mbaya. Majike wawili wanaweza kukubaliana, wanaweza pia wasikubaliane.

Usikubali mtu amhasi sungura kwa mazoea ya mbuzi. Muulize dokta waziwazi kama ameshawahi kumpasua sungura, kwa sababu dawa ya usingizi kwake inahitaji uangalifu mkubwa. Na akikuambia umnyime chakula usiku mzima kabla ya upasuaji, uliza tena. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikosa chakula linaweza kusimama kufanya kazi. Ubuyu alikula nyasi mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na nikabeba nyingine kwenye mfuko ili aamke azikute.

Baada ya kuhasiwa, dume bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa. Mimi nilisubiri wiki sita kamili. Nilidhani ni muda unaopotea bure, kumbe ndio uliofanya kazi kubwa kuliko yote.

Niliweka banda la Ubuyu sambamba na la Zabibu, nikaacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya wavu na wavu. Nafasi hiyo ni ya lazima. Wavu mmoja peke yake hautoshi, watang'atana pua na vidole kupitia matundu. Siku tatu za kwanza Zabibu alikuwa anapiga mguu chini usiku kucha, du, du, du, mpaka mume wangu akatoka na tochi akidhani kuna nyoka. Sikumtuliza wala sikuhamisha kitu.

Kila asubuhi nilibadilishana vitu vyao. Maranda aliyokojolea Ubuyu, kiasi cha kiganja, niliyaweka kwenye kona ya Zabibu, na ya Zabibu kwa Ubuyu. Kitambaa alicholalia huyu nikampa yule. Mara ya kwanza Zabibu alikikwarua kile kitambaa kwa hasira na kukikojolea. Baada ya wiki mbili akawa anakilalia. Halafu nikasogeza chakula. Vyombo vya wote wawili nikavisukuma mpaka kwenye wavu, ili kila mmoja akila amwone mwenzake anakula. Sungura anayekula ametulia. Ukiona mmoja anasubiri mwenzake aondoke ndipo ale, rudisha vyombo nyuma kidogo na usubiri. Wiki ya nne nikaanza kubadilishana mabanda yenyewe, Ubuyu analala kwa Zabibu usiku mmoja, Zabibu kwa Ubuyu. Kufikia wiki ya sita hakukuwa tena na banda la mtu.

Kuna jambo lilinichanganya katikati. Zabibu alianza kujinyofoa manyoya kifuani na kukusanya nyasi mdomoni kama anayejenga kiota, na akawa mkali hata kwangu. Ni mimba ya uongo. Huwapata majike wasiotolewa kizazi, huchukua kama siku 16 hadi 18, kisha huisha yenyewe. Usimkutanishe na mwenzake akiwa katika hali hiyo. Kama una dokta mwenye uzoefu wa kumtoa jike kizazi, zungumza naye, maana majike wengi wakizeeka hupata saratani ya mfuko wa uzazi. Ni upasuaji mkubwa kuliko wa dume, na kwa Zabibu bado sijaufanya.

Mahali pa kukutania pawe pageni kwa wote wawili. Nyumba nzima na uani kwetu palikuwa pa Zabibu, amepaka harufu ya kidevu chake kila kona. Nikamwomba jirani yangu, mama mtu mzima wa Kigogo, anipe baraza lake kila jioni. Akaniambia, "Mwanangu, umekuja kuwafungisha ndoa sungura?" Lakini akafagia baraza, akakaa nami kwenye kigoda kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Sakafu ilikuwa ya simenti laini, nikatandika mkeka, kwa sababu sungura anayeteleza huogopa, na mwoga hung'ata. Nikaweka rundo la nyasi katikati, na boksi lililotobolewa milango miwili. Boksi lenye mlango mmoja ni mtego, aliye ndani hana pa kutokea.

Nilivaa viatu na glavu nzito za bustani, nikashika taulo nene na ufagio mfupi. Ukiona ugomvi, ingiza ufagio katikati au watupie taulo. Mikono mitupu usiiweke.

Siku ya kwanza tulikaa dakika kumi. Ubuyu alijificha, Zabibu akala nyasi akimpa mgongo. Jirani yangu alisema hakuna kilichotokea. Kwangu hiyo ilikuwa siku nzuri sana, maana kutojaliana ni heshima kwa sungura. Siku ya pili Ubuyu alimpanda. Watu wengi hukimbilia kuwatenganisha hapo, wakidhani ni uchokozi au wakishangaa dume aliyehasiwa bado anafanya hivyo. Ni namna yao ya kuamua nani mkubwa, na jike naye hufanya. Mwache sekunde chache kisha msukume taratibu ashuke. Isipokuwa akimpanda kwa upande wa kichwa. Hapo mtoe mara moja, kwa sababu aliye chini anaweza kumng'ata sehemu za siri, na jeraha lake ni baya.

Kukimbizana kidogo na kunyofoana manyoya machache nilivivumilia. Nilichokikatiza papo hapo ni masikio kulala nyuma, mkia kusimama, mwili kukaza, na hasa wakianza kuzungukana kwa kasi kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Hilo duara huishia kwenye damu. Siku ya nne walilianza, nikaliingilia kwa ufagio, nikasubiri watulie na kula tena, ndipo nikawarudisha nyumbani. Jitahidi wasiachane wakiwa na hasira, hata kama ni kuwakalisha pamoja dakika mbili ukiwapapasa vichwa.

Siku ya tisa Zabibu alisogea mbele ya Ubuyu akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa mkeka. Anayeinama hivyo anadai kulambwa. Ubuyu hakujua afanye nini, akabaki amesimama. Zabibu akaguna na kumpiga kwa pua. Jioni iliyofuata akainama tena, na safari hii Ubuyu akamlamba paji la uso. Jirani yangu akapiga vigelegele kwa sauti ya chini ili asiwashtue.

Toka dakika kumi tulifika nusu saa, kisha saa mbili, ndani ya wiki tatu hivi. Wengine huchukua siku mbili, wengine miezi, na wapo wasiokubaliana kabisa. Hao waache majirani, wavu kwa wavu. Bado ni bora kuliko upweke. Katika siku zote hizo nilikuwa naangalia vinyesi vyao kila asubuhi, kwa sababu wasiwasi humkatisha sungura hamu ya kula. Asipokula wala kunya kwa nusu siku, ni dharura ya kumpeleka kwa dokta, usingoje kesho.

Usiku wa kwanza kuwalaza pamoja uliangukia Nane Nane. Watoto walikwenda viwanja vya Nzuguni na baba yao, mimi nikabaki. Asubuhi nilikuwa nimesugua banda kubwa kwa maji na siki, nikageuza kila kitu kilichokuwemo, maranda mapya, vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji. Nilitandika mkeka kando ya banda, nikalala hapo usiku ule na uliofuata, nikiamka kila nikisikia mchakacho. Ulikuwa ni wa nyasi.

Kwa wenzangu wa Dodoma, pangeni kazi hii kati ya Mei na Agosti. Mvua zikishaisha Aprili, kateni nyasi zikiwa bado na ukijani, mzikaushe kivulini, mjaze magunia, kwa sababu nyasi ndizo chakula chao kikuu na Agosti uwanda wote ni vumbi. Upepo wa Juni na Julai ni mkali, zibeni upande mmoja wa banda kwa gunia. Oktoba na Novemba msianze kabisa. Sungura huanza kuteseka joto likipita nyuzi 28, na mnyama anayehema kwa joto hana subira na mgeni. Mwaka jana Oktoba niligandisha maji kwenye chupa ya lita moja na nusu nikawawekea waiegemee. Ubuyu alipofika karibu Zabibu akamgunia kama siku za mwanzo. Nikaongeza chupa ya pili.

Wakishaungana, msiwatenganishe hata kwa siku moja. Mwezi Machi Ubuyu alikuwa na jino lililorefuka, maana meno ya sungura hayaachi kukua, na ilibidi apelekwe kwa dokta. Niliwabeba wote wawili kwenye kikapu kimoja, ingawa Zabibu alikuwa mzima. Angebaki nyumbani, Ubuyu angerudi ananukia dawa na mbwa, na Zabibu asingemtambua. Dokta alipomaliza akamrudisha kikapuni. Zabibu akamnusa mdomo, akamnusa mgongo, akalipata lile sikio la kushoto, akaanza kulilamba kuanzia kwenye pengo.