Usaisi wa farasi wa mashindano unalipa mpaka uzeeni?

Dogo wa Igoma, umeuliza kama kutunza farasi wa mashindano ni kazi ya kuzeeka nayo. Inawezekana, ila hapa Mwanza utasubiri sana, nenda Nairobi kaanzie Ngong kwenye mbio. Siri ni miguu aisee, kila asubuhi kabla ya chai pitisha kiganja kwenye kano zilizo nyuma ya miguu ya mbele, toka goti kushuka chini, ukisikia mguu mmoja una joto kuliko mwenzake usimtoe, muite bosi. Kuchunga ng'ombe kumekutoa woga sawa, ila farasi usimkae nyuma, mi teke lilinilaza wiki mbili. Ndoo beba mbili nusunusu mgongo udumu, na mshahara andikishianeni mapema, mi bosi wangu wa kwanza alinizungusha miezi mitatu.