Baridi ya nyuzi -196 Mombasa: anza na chombo, kompresa baadaye

Anayetaka kuunda mashine ya baridi kali kwa bei nafuu asikimbilie kompresa. Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, na wati 1 tu ya joto linalopenya kwenye chombo chake huvukiza takriban nusu lita kwa siku. Mashine ndogo ya heliamu, inayopoza kwa kukandamiza na kupanua gesi hiyo, hula wati 15 au zaidi za stima kuitoa wati hiyo. Kwa hivyo izuie isiingie.

Kati ya kuta mbili za chombo weka ombwe (nafasi iliyotolewa hewa), na tabaka 20 hadi 30 za plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kila moja ikitengwa na wavu. Usizikaze: zikibanana, joto hupita. Shingo iwe ya faibaglasi au bomba jembamba la chuma cha pua, kamwe isiwe shaba.

Linalowasumbua zaidi mafundi wa pwani ni unyevu. Heliamu ya mashine iwe safi kwa 99.999%, na kabla ya kujaza, mabomba yavutwe ombwe na kusuuzwa kwa heliamu mara tatu au nne. Mvuke ukibaki, hata kidogo, huganda kwenye zile nyavu laini za chuma ambamo gesi hupita ikienda na kurudi. Mashine huenda vizuri siku kadhaa, kisha pistoni huanza kugonga, ko, ko, ko, na baridi hupungua. Wengi hapo huongeza gesi, na ni kosa, kwa sababu barafu bado imo ndani. Zima, acha ipate joto kabisa, vuta upya, jaza upya.

Wakati wa kaskazi upande wa mashine unaotoa joto nje nao hulemewa. Mapezi ya alumini huliwa na chumvi ya bahari, yaoshe kwa maji matamu kila mwezi. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, usiyapitishe kwenye kompresa kuipoza. Kompresa ya mtumba ya Hz 60 usiinunue, stima yetu ni Hz 50.

Kabla ya kufunga mashine, jaza chombo nitrojeni ya kimiminika na ukipime kwenye mizani leo na kesho saa ile ile, madirisha yakiwa wazi, maana lita 1 hutoa karibu lita 700 za gesi inayofukuza hewa ya kupumua. Kikipungua kilo 0.8, wati 2 hivi zinapenya. Ukuta wa nje ukitoka jasho mahali pamoja, tafuta hapo palipobanana au kugusana.