Wasomaji wanauliza: kivunja kioo cha kwenye funguo kinaokoa kweli?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vifaa vidogo vya uokoaji: vivunja kioo, visu vya kukata mkanda, filimbi, mikanda ya kubana damu. Vinauzwa kwenye foleni, kwenye maduka ya spea na mitandaoni, na karibu vyote vinasifiwa kupita uwezo wake. Tumejibu zile zinazogusa watu wengi.

Nimenunua kwenye foleni kifaa cha kuning'iniza kwenye funguo. Upande mmoja kina ncha ya chuma ya kubonyeza, upande mwingine wembe uliofichwa. Muuzaji anasema kinavunja kioo chochote cha gari. Ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kioo chochote, hapana. Magari yana vioo vya aina mbili, na kifaa chako kinaweza aina moja tu.

Aina ya kwanza tuiite kioo cha punje, kwa sababu kikivunjika humwagika kama chumvi ya mawe. Kiwandani hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa kipoe ghafla. Ngozi yake ya nje hubaki imejibana na kiini chake kikivuta, vyote hivyo ndani ya unene wa milimita chache. Ndiyo maana ngumi na teke havifui dafu: nguvu yake husambaa juu ya ngozi ile. Lakini ncha kali ikiitoboa ngozi hata kidogo, mvutano wote hufunguka kwa pamoja na kioo kizima kwisha. Springi ya kifaa chako inafanya hilo tu. Unakandamiza, springi inajikunja, inafyatuka, ncha inagonga mahali padogo kuliko punje ya mtama. Mtoto wa miaka kumi anaweza.

Aina ya pili ni kioo cha tabaka: vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na plastiki katikati. Kioo cha mbele cha gari ni cha aina hii. Ukikigonga kinapasuka kama utando wa buibui, kisha kinabaki pale pale. Zimamoto hukikata kwa msumeno; kifaa cha mfukoni hakitoboi. Zamani hili halikumsumbua mtu, kwa kuwa vioo vya pembeni vilikuwa vya punje. Siku hizi magari mengi mapya yana vioo vya tabaka pembeni pia, ili watu wasirushwe nje gari linapopinduka na ili ndani kuwe na utulivu. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa 6, vitatu vya springi na vitatu vya nyundo. Vinne kati ya sita vilivunja kioo cha punje. Kioo cha tabaka hakikutobolewa na hata kimoja. AAA walieleza pia kwamba karibu modeli 1 kati ya 3 za magari ya mwaka 2018 sokoni Marekani ilikuwa na vioo vya tabaka pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kukiamini kifaa, soma kioo chako. Kwenye kona ya chini ya kila kioo pana maandishi madogo. Ukiona TEMPERED, au TEMPERLITE kwenye magari mengi ya Kijapani, hicho ni cha punje. LAMINATED au LAMISAFE ni cha tabaka. Maandishi yakiwa yamefutika, teremsha kioo kidogo utazame ukingo wake wa juu kwenye mwanga. Cha tabaka kina mstari mwembamba katikati, kama mkate uliopakwa siagi. Kagua vyote, maana gari moja linaweza kuwa na vioo vya tabaka mbele na vya punje nyuma. Ukijua kipi ni cha punje, mwonyeshe kila anayepanda gari hilo.

Gonga kwenye kona ya chini, sentimita tano hivi kutoka ukingoni, si katikati. Katikati kioo hucheza na kumeza pigo, pembeni kimeshikwa. Geuza uso, na usiruhusu mkono uifuate ncha ndani ya tundu. Kioo chenye tinti kitapasuka chote lakini karatasi itakishikilia kama shuka, na hapo wengi hudhani kifaa kimegoma. Kisukume kwa kiwiko kilichofunikwa nguo au kwa miguu, kuanzia kona uliyogonga.

Kukijaribu, kandamiza ncha kwenye ubao laini. Lazima usikie "ta!" na uone tundu dogo. Kisha kwaruza chupa ya soda kwa ncha hiyo: isipoacha alama, chuma chake ni laini na hakitavunja kitu. Walio pwani warudie kila miezi mitatu, kwa sababu chumvi ya hewani hula springi. Anayetaka kitu cha uhakika kwa bei ndogo aulize duka la vifaa vya ufundi senta panchi ya springi, ile ya kutia alama kwenye chuma. Ufundi wake ni ule ule.

Tangu lile gari dogo liteleze kutoka kwenye feri ya Likoni, Septemba 2019, familia yangu inavuka kwa hofu. Nimeweka nyundo ya dharura kwenye droo ya dashibodi. Inatosha? (Msomaji, Mombasa)

Hofu yenu ina msingi. Watu wawili walikufa siku ile, na gari lilipatikana baada ya karibu wiki mbili, zaidi ya mita 50 chini ya maji. Ila kuna mambo mawili tungeyabadilisha katika mpango wako: nyundo yenyewe na hiyo droo.

Nyundo inategemea kasi ya mkono. Maji yakishajaa, mkono unakwenda polepole kama unakoroga uji na nyundo inafika kwenye kioo haina nguvu. Springi haijali maji. Droo nayo hujifunga gari likigonga, au humwaga kila kitu sakafuni gari likiinama. Kifaa kikae mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unakifikia ukiwa umefungwa mkanda. Kaa kwenye kiti, funga mkanda, fumba macho, kitafute. Usipokigusa ndani ya sekunde mbili, kihamishe. Kwenye funguo panafaa ikiwa gari lako linawashwa kwa kuchomeka ufunguo; la kubonyeza kitufe, funguo ziko mkobani.

Kubwa kuliko kifaa ni dakika ya kwanza. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amezamisha magari mengi kwa ajili ya utafiti huu. Gari kwa kawaida huelea kati ya sekunde 30 na dakika 2. Muda huo ndio wenu, na mpangilio wake ni huu: mikanda, vioo, watoto, toka. Fungua mkanda wako. Teremsha kioo mara hiyo hiyo. Vioo vya umeme kwa kawaida bado hufanya kazi mwanzoni, lakini maji yakifika usawa wa kioo yanakikandamiza kwenye fremu na mota inashindwa. Kikigoma, ndipo springi. Fungua watoto mikanda kuanzia mkubwa, anayeweza kujisaidia, na uwavute karibu. Wasukume nje kwanza, nawe ufuate papo hapo. Usipige simu, simu hiyo inakula sekunde za kutoka. Usifungue mlango gari likiwa bado linaelea, maana maji yataingia kwa mkupuo na litazama ndani ya sekunde chache pamoja na waliobaki.

Vioo vya pembeni vikiwa vya tabaka na umeme umekufa, nendeni nyuma. Injini huvuta pua ya gari chini, hewa hubaki nyuma, na kioo cha nyuma mara nyingi ni cha punje. Njia ya mwisho kabisa ni kungoja gari lijae hadi shinikizo la ndani na nje lilingane, kisha kusukuma mlango. Njia hiyo inadai pumzi ambayo wachache wanayo, na mtu hapaswi kuipanga.

Kwenye feri yenyewe, hatua bora haihitaji kifaa. Wote wanaoweza washuke garini. Anayebaki avue mkanda, ateremshe vioo vyote kabla chombo hakijang'oa, ahakikishe milango haijajiloki, na avute breki ya mkono huku gari likiwa kwenye gia au P.

Kisu cha kukata mkanda kilikwama katikati wakati tunamtoa dereva kwenye gari lililopinduka. Kilikuwa kipya. Tatizo nini? (Msomaji, Iringa)

Karibu kila mara tatizo ni mkanda uliolegea. Mkanda ukiwa na ulegevu hujikunja ndani ya mdomo wa kisu, tabaka mbili zinabanana, na wembe unasimama. Uvute ukazike kwa mkono mmoja, ingiza ukingo wake kwenye mdomo wa kisu, kisha uvute kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kwa mvuto mmoja mrefu. Usikate kwa kuchezacheza kama msumeno.

Mkanda wa pointi tatu ni utepe mmoja unaopita kwenye ulimi wa loki, hivyo kata sehemu mbili: begani karibu na nguzo ya mlango, na kiunoni. Waokoaji wengi hukata bega tu, kisha wanamvuta majeruhi huku nyonga bado imefungwa.

Lakini kabla ya kukata, bonyeza kitufe chekundu. Mara nyingi kinafunguka. Kinachokifanya kigome gari likipinduka ni uzito wa mtu anayening'inia juu ya loki. Mwinueni kwa bega na nyonga, uzito utoke, kitafunguka. Na mkikata bila kumshikilia, ataangukia kichwa na shingo kwenye paa. Aliye peke yake aweke kiganja kimoja kwenye paa na akaze miguu kabla ya kujifungua. Wembe uliokwisha kukata mkanda mmoja badilisheni. Utepe ule huua makali.

Video nyingi zinaonyesha kuvunja kioo kwa vyuma vya kiegemeo cha kichwa. (Msomaji, Morogoro)

Havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Huenda vikafaulu ukichomeka chuma kimoja kati ya kioo na mpira wa mlango, kisha ukavuta kiegemeo kuelekea kwako kama mtaimbo. Kupiga nacho ni kujichosha. Ndani ya maji, kukitoa tu kitini kunakula muda wa kuteremsha kioo.

Kwenye mabasi ya mikoani nyundo nyekundu nyingi hazipo, vishikizo vimebaki vitupu. Abiria afanye nini? (Msomaji, Singida)

Amwambie kondakta kabla basi halijaondoka, na abebe kivunja kioo chake cha springi. Vioo vya pembeni vya mabasi mengi ni vya punje na vina ukubwa wa kupitisha mtu mzima. Ukikaa, tafuta kwa macho mlango wa dharura na matundu ya paa, kisha hesabu viti hadi hapo, kwa sababu kwenye moshi utahesabu kwa kupapasa. Basi likiwa limelala ubavu, paa na kioo cha nyuma huwa karibu kuliko madirisha yaliyo juu ya kichwa. Na dereva akitaka kuvuka daraja lililofunikwa na maji yanayokimbia, katazeni wote kwa sauti moja. Maji ya sentimita 30 yanaweza kulifanya gari dogo lielee, ya 60 hubeba magari mengi. Kwenye Mto Enziu, Kitui, Desemba 2021, basi lilisombwa watu wakiliangalia kutoka ukingoni, na zaidi ya 30 walikufa.

Sisi waendesha bodaboda tumechangishana kununua mikanda ya kubana damu. Tumeambiwa ya bei nafuu ni sawa tu. (Msomaji, Bukoba)

Si sawa. Mikanda bandia inafanana na halisi hadi unapozungusha kijiti chake cha kukazia: kinapinda au kinavunjika kabla damu haijasimama. Fungeni mmoja kwenye paja la mwenzenu mnene na mzungushe hadi apige kelele. Ukipinda, urudisheni dukani. Ule mliojaribia ubaki wa mazoezi, msiupeleke barabarani.

Kwa jeraha la mguu au mkono linalochuruzika, kwanza kandamizeni kwa kitambaa kwa nguvu zote. Damu ikiruka au ikiloanisha kila kitu, fungeni mkanda sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, si juu ya goti wala kiwiko. Toeni simu na funguo mfukoni kwanza. Vuteni utepe ukazike hadi kidole kisipite chini yake, ndipo mzungushe kijiti. Kosa la kawaida ni kuanza kuzungusha utepe ukiwa umelegea: kijiti kinaisha nafasi na damu inaendelea. Damu ikikoma, fungeni kijiti, andikeni saa kwenye paji la uso la majeruhi, na msiulegeze njiani. Ataumia sana. Maumivu hayo si dalili kwamba mmekosea.

Mkikosa mkanda, khanga iliyokunjwa upana wa vidole vitatu na spana ya kuzungushia inafaa kuliko waya au kamba ya kiatu, ambayo hukata nyama na kuiacha mishipa mikubwa ikipitisha damu.

Kwa mvuvi wa usiku, filimbi ina maana gani ikiwa simu ina tochi? (Msomaji, Ukerewe)

Ina maana kubwa. Sauti ya mtu aliyelowa hukauka baada ya muda mfupi wa kupiga kelele, lakini pumzi ya kupuliza filimbi hubaki. Nunua isiyo na kipira ndani, maana kipira kikilowa hunasa. Ifunge kwenye jaketi la kuokolea kwa kamba fupi inayofika mdomoni bila kutumia mikono, kwani vidole vikifa ganzi kwa baridi havishiki kitu. Puliza mara tatu, nyamaza usikilize dakika moja, kisha rudia. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji, na tochi yake uiwashe pale tu unaposikia injini.