Jibu: Mabonde ya Mirihi, ni maji au upepo?

Ndugu wa Hoima, umeuliza utajuaje kwenye picha kama bonde la sayari ya Mirihi (Mars) lilichongwa na maji au upepo.

Kwanza angalia mwanga unatoka upande gani. Ukikosea hapo, shimo utaliona kilima. Halafu fuata mkondo. Vijito huteremka vikaungana kuwa mto, na mto ukiingia ziwani humwaga mchanga na kutanuka, kama Nile inavyoingia Ziwa Albert. Delta ya namna hiyo ipo Jezero, shimo kubwa la Mirihi, ndiyo maana Perseverance, roboti ya magurudumu ya NASA, ilitua pale Februari 2021.

Upepo huacha matuta na mistari ya mwelekeo mmoja, hata ikipanda mlima.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni kokoto. Kanieneo ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya yetu, kwa hiyo upepo wake hauwezi kuzibeba. Zile za mviringo ambazo Curiosity, roboti nyingine ya NASA, ilizikuta katika shimo la Gale mwaka 2012 zilisuguliwa na maji.

Ila usishangae ukikuta mto wa kale umeinuka kama tuta refu: upepo ulikula udongo laini wa kandokando, changarawe ngumu ya sakafu yake ikabaki.