Rangi imetoweka, lakini imekwenda wapi?

SWALI: Natengeneza batiki nyumbani. Niliuziwa unga wa udongo wa bentonaiti uliotiwa methilini buluu (rangi ya buluu ya kemikali), nikaambiwa niuchanganye na maji machafu ya rangi kisha niyaanike juani. Kufikia mchana maji yalitakata kabisa. Je, naweza kumwagilia mchicha?

JIBU: Dada yangu, mchicha huo usiumwagilie. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara kipimo ni jicho.

Matabaka ya bentonaiti yana chaji hasi, hivyo rangi zenye chaji chanya huvutwa zikanasa humo, hata gizani. Chukua chupa mbili zenye maji yaleyale na unga uleule. Moja ifunike kwa kitambaa cheusi, nyingine iache juani. Zikitakata sawasawa, jua halikufanya kitu. Kisha loweka tope kwenye spiriti. Rangi ikirudi, ujue ilikuwa imejificha tu.

Na pale jua linapofanya kazi kweli? Methilini buluu hupokea mwanga na kuiamsha oksijeni iliyomo majini, nayo hushambulia uchafu. Kushambulia si kumaliza. Rangi za azo, yaani kundi kubwa la rangi za viwandani, zikivunjika nusunusu huweza kuacha kemikali ziitwazo amini, zisizo na rangi yoyote, na baadhi yake husababisha saratani. Ndiyo maana maabara hupima kaboni ya ogania, yaani ile iliyomo kwenye mabaki ya kemikali kama hizo, iliyobaki majini. Tena kichocheo chenyewe, methilini buluu, ni rangi, nacho huliwa na jua. Watafiti hukipachika kwenye udongo ili kisisambae na kiweze kuchujwa kikatumika tena. Ni kazi ya maana sana, lakini wao hawaishii kutazama ndoo.

Kostiki soda, kama uliitumia kutia rangi batiki, nayo bado imo. Jua haliiondoi.

Kinachoniuma zaidi ni wachuuzi wanaozunguka na unga wa namna hii wakidai unatibu hata maji ya kunywa: vijidudu, madini ya risasi, floridi, vyote kwa pakiti moja. Risasi ni elementi, na floridi ni elementi ya florini yenye chaji. Hakuna mwanga wa jua unaoweza kuzivunja. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na kuzunguka Mlima Meru viko visima vinavyopita hapo kwa mbali. Huko watoto hupata meno ya kahawia, wengine mifupa hupinda. Mama wa huko akiamini pakiti hiyo, ataendelea kumnywesha mwanawe maji yaleyale, maana floridi haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua.