Mvua itakunyeshea tu: kwa mnaoanza kazi ya dagaa Kigoma

Wiki iliyopita hapa mwaloni Kibirizi, boti za uvuvi za Ziwa Tanganyika zinapoingia, nilimkuta binti mmoja ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, viganja mashavuni. Mbele yake dagaa wa ndoo kumi na mbili walikuwa wametapakaa mchangani, wamelowa chapachapa. Mwenzake alikuwa amesimama pembeni anambembeleza: "Usijali shoga, waza chanya, Mungu ataleta." Mvua ilikuwa imekatika saa nzima iliyopita. Jua lilikuwa limeshatoka. Na kati yao hakuna aliyeinama kuokota hata dagaa mmoja.

Nilitaka kuwakumbatia na kuwafokea kwa wakati mmoja. Nikaanza na kufoka. Haya ninayoandika leo ni yale yaliyobaki, kwa wao na kwa wengine wote mlioingia mwaloni msimu huu, wengine mkiwa na vyeti vyenu vizuri kabatini. Nawapenda, wadogo zangu. Ila mnanichosha, kwa sababu makosa mnayoyafanya tuliyafanya sisi, na sisi wenyewe tuliyakuta.

1. Dagaa wakilowa, una saa moja ya kuokoa mali. Machozi yatakusubiri, dagaa hawakusubiri. Zoa, suuza kwa maji safi, tandaza wembamba wembamba mahali penye upepo. Ukiona jua la siku hiyo halitoshi, usibishane nalo: washa moto, kaanga, au banika, au tia chumvi. Dagaa wa kukaanga wanauzika Mwanga, hapa hapa mjini, jioni hiyo hiyo. Faida hutaiona, lakini kesho asubuhi boti zikiingia utakuwa na kitu mkononi.

2. Anika kwenye chanja, ule wavu uliotandazwa juu ya miti. Mchanga hauinuliki mvua ikija, na mnunuzi wa mjini akitafuna mchanga mara moja, safari ya pili anamtafuta mwingine.

3. Hasara ikikupata, iseme siku hiyo hiyo. Hapa nivumilieni, kwa sababu hili limenigharimu kuliko yote.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii, mwezi Machi, masika imekolea. Nilikuwa na shilingi 1,200,000 zangu na 800,000 za kikoba. Giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo boti huvua dagaa, lilikuwa zuri mno, boti zinaingia alfajiri zimeinama kwa uzito, na bei ikaporomoka. Nikaona mlango wa kutokea umefunguka. Nikanunua ndoo hamsini kwa asubuhi moja.

Nilichokiona na nikakataa kukitazama ni hiki: wazee wa kazi siku hiyo walinunua ndoo tano tano wakaenda zao. Bei ilizidi kushuka kwa sababu wao walinunua kidogo. Bibi mmoja tuliyekuwa tunaanika jirani alinishika kiwiko, akanionyesha ng'ambo ya ziwa. "Mjukuu wangu, milima ya Kongo unaiona?" Sikuiona. Kulikuwa na ukungu mzito wa rangi ya risasi tangu majini hadi juu. Nikamjibu, "Bibi, mimi sina mkosi. Leo jua litawaka." Nilikuwa nimejifundisha kusema hivyo kila asubuhi. Nilidhani kuwa na moyo wa ushindi ni kukataa kuona wingu.

Saa sita mchana ikashuka. Nikafunika kwa maturubai, na ilinyesha hadi usiku. Nyote mnajua dagaa wabichi wakilala chini ya turubai wanafanya nini: wanajipika. Asubuhi nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni, na harufu yake naikumbuka hadi leo. Siku ya tatu jua likatoka nikawakausha hivyo hivyo. Walitoka wekundu, matumbo yamepasuka, vichwa vinadondoka ukiwagusa.

Mali ile ilikuwa chakula cha kuku. Nilijua. Mfugaji angenipa robo ya pesa yangu, nami ningeanza tena na robo. Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu wa kikoba, nimeshamwambia mama yangu, nimeshaambia nafsi yangu kwamba msimu huu ndio wangu. Kwa hiyo nikachukua dagaa wazuri kwa mkopo kwa jirani, nikafunga magunia sita: wazuri chini, wazuri juu, wale wekundu katikati. Nilifunga usiku. Nilimwambia msichana aliyekuwa ananisaidia aende akalale, na huo pekee ulitosha kunionyesha ninachofanya.

Magunia yalikwenda Dar es Salaam, kwa mama mmoja muuzaji wa sokoni ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinitumia pesa kabla hata hajapokea mzigo. Siku ya tano akapiga simu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, haya magunia uliyafunga wewe mwenyewe?"

Nikakata simu. Kisha nikazima.

Kwa miezi minane sikumpigia. Kikoba kilipodai, nikakimbilia mkopo wa kausha damu, laki tano, marejesho kila siku. Mnawajua wale. Wiki ya sita walikuja nyumbani wakakuta sina cha kubeba, wakabeba cherehani ya mama yangu. Mama hakunisema. Alikaa mlangoni akaendelea kushona ile gauni ya mteja kwa mkono, pindo lote, na mimi nimelala chumbani nimegeukia ukuta. Hadi leo nikisikia cherehani inalia nyumba ya jirani, moyo wangu unasimama.

Nilirudi mwaloni siku ambayo nyumbani hapakuwa na unga. Nilikwenda kwa yule bibi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujieleza. Alinitazama akasema, "Umechelewa, jua limeshapanda. Shika safu ile, geuza." Nikageuza. Nikawa kibarua wake, nageuza dagaa wa mtu mwingine kwa malipo ya siku, na mbele ya watu wote niliowatambia. Wiki mbili za kwanza nilifunga kitenge hadi machoni. Ya tatu nikasahau kujifunga, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Kwa bibi yule ndiko nilikojifunza kazi yenyewe: kushika dagaa na kujua kwa vidole kama tumbo limekauka, kugeuza kabla mgongo haujashika wavu, kuanua kabla umande haujashuka.

Deni nililimaliza. Cherehani haikurudi, nilinunua nyingine. Halafu siku moja nikatoka hadi ukingoni mwa maji, nikampigia yule mama wa Dar es Salaam. Nilimweleza yote, kuanzia lile wingu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kwamba ni mvua nilijua. Nimeuza dagaa miaka ishirini, mvua naijua nikifungua gunia. Ungeniambia siku ile, tungewauza kwa wafuga kuku wa huku, hasara tukagawana. Mimi nilikuwa nasubiri simu." Kisha akaagiza kilo tano. Kilo tano, mtu niliyekuwa nampelekea magunia sita. Nilizipeleka stendi nimezibeba kifuani. Baadaye ikawa kumi, ikawa gunia.

Mvua ilinichukulia siku tatu na pesa. Miezi minane ile niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kuzima simu.

4. Mtaji wote usiuingize kwenye giza moja, hata bei ikushawishi vipi. Bakiza theluthi. Mnaijua meli ya Liemba, mmekua mnaiona bandarini. Wajerumani walipoona wanaipoteza vita huku ziwani, mwaka 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene. Waingereza wakaja kuiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu na mizigo. Zaidi ya miaka saba tangu izamishwe hadi iinuliwe! Nikiwaona mnavyonunua hadi nauli ya kurudi nyumbani, naikumbuka ile grisi. Theluthi yako ndiyo grisi.

5. Mbalamwezi si likizo. Boti zikipumzika, wewe shona chanja, hesabu, pigia wateja, kalipe deni la watu kabla hawajakutafuta. Na mtu asikwambie kwamba kukaa bila mzigo ndio mwisho wa kazi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, na wengi hapa tulidhani tutakufa. Ilikuwa ngumu, sitawadanganya. Wapo waliouza vyombo. Mimi nililima mchicha nyuma ya nyumba na kuuza maandazi asubuhi, na kila Jumapili nilimpigia mteja mmoja kumsalimia tu, bila kumwomba kitu. Ziwa lilipofunguliwa, watatu kati yao walinitafuta kabla sijawatafuta. Kuna kijana hapa alikuwa hodari kuliko mimi, ana jicho la kuchagua dagaa na lumbu, wale samaki wengine wadogo wa ziwa letu, kama mzaliwa wa mtumbwini. Mwezi wa pili wa kufungwa aliuza mizani na maturubai yake yote akaondoka, anasema ziwa limemkataa. Namsikitikia hadi kesho. Ziwa halikuwa limemkataa. Lilikuwa limefungwa, na tarehe ya kufunguliwa ilitangazwa.

6. Chagua wa kuongea naye. Kila mwalo una watu wa kukaa kivulini wakikuhesabia walioshindwa, majina na miaka. Wasalimie, pita. Tafuta aliyewahi kulowa akakauka, mpelekee sukari kilo moja, muulize alifanyaje. Tupo wengi. Tunaonekana wakali kwa sababu asubuhi tuna haraka, lakini baada ya saa tisa, dagaa wakishaanuliwa, tuna muda na tunapenda kuulizwa.

7. Kula asubuhi. Nasema kweli. Nusu ya maamuzi yangu mabaya niliyafanya na njaa.

Sasa wewe binti wa ndoo kumi na mbili. Nilikufokea, na baada ya hapo niliona mmeinama wote wawili mkaanza kuzoa, mkaokoa kama ndoo saba. Nimesikia tangu juzi umejifungia, simu hupokei, na kuna mtu mmoja amekuahidi mkopo wa haraka usio na maswali. Usiuchukue. Aliyekukopesha mtaji mpigie leo, mwambie ni ndoo ngapi zimepotea na ngapi zimebaki, kwa hesabu kamili, usipunguze wala usiongeze. Atakasirika, kisha mtapanga.

Giza linaanza Jumanne. Chanja zangu ni zile za mwisho, karibu na mwembe, zenye wavu wa kijani. Nimekuachia safu mbili. Njoo saa kumi na moja, kabla boti hazijaingia, na uje na ndoo yako ile uliyokuwa umeikalia.