Matofali yanabanduka uso baada ya ukarabati: kagua maungio kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini matofali ya nyumba uliyonunua Capitol Hill, Washington DC, yanabanduka uso ilhali imekarabatiwa juzijuzi. Ningeanza kushuku saruji. Nyumba za karne ya 19 zilijengwa kwa matofali laini na chokaa, na unyevu hutoka ukutani kupitia maungio, yaani mistari ya chokaa kati ya matofali. Yakijazwa saruji ngumu, maji hunaswa ndani ya tofali. Baridi ikija huganda, hutanuka na kuubandua uso.

Kwaruza ungio kwa msumari: chokaa hukwaruzika kirahisi, saruji hugoma. Saruji itolewe kwa tindo na nyundo, kina mara 2 hadi 2.5 ya upana wa ungio. Grenda (mashine ya kukatia) isiguse maungio ya wima kabisa! Hukata kingo za tofali, na hilo halirekebishiki. Lowesha ukuta, jaza chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi usithubutu.

Rangi ya plastiki usipake, itafungia unyevu. Mifereji ya paa inayovuja izibwe kabla ya yote. Na kwa kuwa mtaa huo unalindwa kihistoria, ulizia kibali cha jiji kabla fundi hajapanda ngazi.